Mjadala: Chumba cha muziki cha vijana Malindi, tununue sampla au kompyuta?

Mtoa mada, Malindi

Salamu kwenu nyote. Kikundi chetu cha vijana kimechangishana, na sasa pesa za kufungua chumba cha kutengenezea biti zipo. Hazitoshi kununua kila kitu. Wanachama wamegawanyika. Kuna wanaotaka sampla, ile mashine ya pedi ambayo unanasa sauti, unaikata vipande, unaipiga kwa vidole. Kuna wanaotaka laptopu na programu. Vikundi vya Watamu, Mambrui na Lamu navyo vina swali hili hili, ndiyo maana nimelileta hadharani badala ya kulimaliza mkutanoni.

Mimi nataka sampla.

Chumba hiki ni cha watu wengi, na wengi wao hawajatengeneza biti hata moja. Ukimketisha kijana mbele ya laptopu, saa nzima ya kwanza inakwisha kwenye menyu: wapi pa kubonyeza, faili limehifadhiwa wapi, kwa nini hakuna sauti. Mashine ya pedi 16 anaigonga na inalia papo hapo. Vidole vyake vinajua kazi tayari. Amekulia kwenye harusi na kayamba, amegonga dawati la shule mpaka akafukuzwa darasani.

Halafu sikilizeni biti zinazotoka Pwani sasa. Kiki, yaani pigo zito la ngoma kubwa, ni ile ile, makofi ni yale yale, kwa sababu kila mtu ameshusha pakiti zile zile za bure kwenye intaneti. Na zimenyooka mno, kila pigo limekaa juu ya mstari wa hesabu wa programu. Chakacha, ngoma yetu ya Pwani, haiwezi kupumua humo. Sampla inamtoa mtu nje akatafute sauti. Sampla ya Roland SP-404 MKII, iliyotoka 2021, inakwenda kwa betri sita za AA, au unaichomeka kwenye pawabenki. Unaibeba mpaka Ganda kwenye mwanzele, ngoma ya Wagiriama, unarudi na sauti ambayo hakuna mtu wa Nairobi anayo. Stima ikipotea, kazi inaendelea.

Uhaba nao unafundisha. Sampla ya E-mu SP-1200 ya mwaka 1987 ilikuwa na nafasi ya sekunde kama 10 tu za sauti. Watengenezaji wa hip hop kule New York walikuwa wakiicheza santuri ya mzunguko wa 33 kwa kasi ya 45 ili kipande kiingie, kisha wanakipunguza kasi ndani ya mashine. Ule ukwaruzo ambao leo watu wanalipia programu wauige ulitokana na ufinyu huo. Kijana mwenye kiki elfu moja kwenye laptopu anamaliza jioni yake akichagua kiki.

Prodyuza, Langoni, Lamu

Kaka, nimekusoma vizuri na nakupinga.

Tuanze na pesa, kwa sababu ni pesa za vijana. Hiyo SP-404 MKII ni takriban dola 500 huko ng'ambo. Weka usafiri, weka ushuru, weka VAT ya asilimia 16. Kwa kiasi hicho unapata laptopu mbili za mtumba zenye RAM ya GB 8, pengine na hedifoni juu yake. Laptopu mbili ni vijana wawili wanaofanya kazi kwa wakati mmoja. Sampla moja ni kijana mmoja anayepiga na wengine wanaongoja zamu.

Pili, kijana atakula nini? Mimi hapa Amu naishi kwa nyimbo za harusi, matangazo, na muziki wa video fupi za hoteli. Mteja anataka sauti ya mwimbaji irekodiwe juu ya biti, ipangwe, isafishwe, itumwe kabla ya Ijumaa. Akisema neno lake lisikike zaidi, nafungua faili, nalipandisha, namtumia tena. Sampla inakupa biti. Wimbo mzima utaumalizia wapi? Utaazima kompyuta ya mtu. Na vijana wengi tayari wameanza na programu ya simu, kwa hiyo kupanda kutoka simu hadi laptopu ni hatua moja.

Hilo la mstari sikubali hata kidogo. Mstari haukuletwa na kompyuta. Roger Linn wa Marekani, kwenye mashine yake ya ngoma LM-1 ya mwaka 1980, ndiye aliyeweka kitufe cha kuvuta pigo lililochelewa likae mahali pake. Akaweka na kipimo cha kuyumbisha mdundo, ambacho baadaye kwenye Akai MPC60 ya 1988, sampla ya pedi, kilikwenda kutoka asilimia 50 hadi 75. Programu zote za leo zimerithi kwake. Kwa hiyo biti zilizonyooka zimenyooshwa na mtu mvivu, na mvivu akipewa MPC atanyoosha vile vile. J Dilla, mtengeneza biti wa Detroit, alijulikana kwa kuziacha ngoma zikae nje ya mstari, na alifanya hivyo kwenye MPC3000, mashine yenye kitufe cha kunyoosha. Mashine hiyo sasa iko katika makumbusho ya Smithsonian. Kitufe kilikuwapo, yeye hakukitegemea.

Mpiga ngoma, Mkomani, Lamu

Wanangu, mimi si mtu wa mashine, lakini nimeketishwa studio mara nyingi nipige, na nimeona tatizo lilipo.

Chakacha inakwenda kwa sita. Hesabuni wenyewe: moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, na juu yake kuna mkono mwingine unaohesabu mbili-mbili-mbili ndani ya nafasi ile ile. Utamu wote uko pale mikono miwili inapogombana. Sasa nikiingia studio, kijana ameshafungua ukurasa wenye visanduku 16, vinne vinne, na anataka ngoma yangu iingie humo. Haiingii. Anaivuta, anaibana, mwisho inatoka kitu kinachofanana na chakacha iliyovaa viatu vya mtu mwingine. Hakuna aliyemfundisha kwamba visanduku vinaweza kufanywa 12 kabla ya kuanza. Nimeambiwa kompyuta inaweza hilo, na mashine nazo zinaweza. Basi mfundisheni hilo siku ya kwanza, kabla ya kingine chochote.

La pili ni sauti zenyewe. Udi, ile ala ya nyuzi, una sauti zinazokaa katikati ya vitufe viwili vya kinanda. Mtu aliyemsikiliza Zein l'Abdin, mpiga udi mzaliwa wa hapa hapa Lamu, anajua ninachosema. Kijana akitafuta udi ndani ya programu anapewa udi wa kinanda, wenye hatua 12 zilizo sawa, na sauti ile ya katikati imekufa. Akimrekodi mpiga udi aliye hai, sauti inabaki, kwa kifaa chochote atakachotumia kuikata. Mnabishana juu ya kisu kabla ya kuvua samaki. Nunueni kwanza maikrofoni nzuri, na muwalipe wapigaji waje.

Fundi wa vifaa vya umeme, Maweni, Malindi

Nitaongea ya mezani kwangu tu. Hewa ya bahari haichagui. Laptopu ina feni inayovuta hewa yenye chumvi ndani siku nzima, kwa hiyo inaoza kutoka ndani. Sampla nyingi hazina feni, lakini matundu ya waya yanashika kutu na pedi zinaanza kugoma, unagonga mara mbili ndipo ilie. Tofauti ni vipuri. Kibodi ya laptopu, diski, chaja, vyote napata mjini au Mombasa. Pedi ya sampla inaagizwa nje, na kifaa kinakaa kabatini mpaka ifike.

Laptopu ya mtumba mara nyingi betri yake imeshakufa, kwa hiyo msiwaze kwamba stima ikipotea mtaendelea. Tengeni pesa ya betri mpya, au ya UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika.

Na jambo moja ambalo watu hawajui. Hizi MPC mpya, kama MPC Live ya 2017 na MPC One ya 2020, ndani yake ni kompyuta. Zina prosesa, skrini ya kugusa na RAM ya GB 2. Mtu anayenunua ili akimbie kompyuta amenunua kompyuta nyingine ambayo mimi siwezi kumwongezea RAM.

Mtengeneza biti, Shella, Malindi

Hakuna aliyetaja nani atakayekaa kwenye kiti.

Nimepita studio za vijana, na sura ni moja. Laptopu moja, kijana mmoja wa kiume anayejua, ameshika mausi, sisi wengine tunatazama mgongo wake. Ukiuliza "umefanyaje hapo?" mkono umeshakimbia, umebonyeza vitufe vitatu na jibu limepita. Wasichana wanaishia kuimba viitikio. Mimi nilijifunza nilipopata mashine ya pedi ya kuazima, kwa sababu iko mezani, mikono ya kila mtu inaonekana, na ukimwona mwenzio anagonga unajua amegonga wapi. Hilo ni la sampla, namuunga mkono mtoa mada. Ila hata kibao cha pedi kinachochomekwa kwenye laptopu kingefanya kazi hiyo, na ni bei nafuu zaidi kuliko sampla kamili. Sharti pedi ziwe katikati ya meza, na laptopu isukumwe pembeni.

La pili ni hayo mnayosema kirahisi: "nenda Ganda ukanase mwanzele". Mwanzele asili yake ni matangani. Vugo inaimbwa na wanawake kwenye harusi, na wengi wao hawataki sauti zao zitoke nje ya ua. Kuna Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kitamaduni ya mwaka 2016, inayotaka jamii yenye utamaduni huo iridhie kwanza. Kifaa kidogo cha betri kinarahisisha kuiba. Chumba chenu kiwe na utaratibu: nenda bila mashine, uliza, elezea wimbo utatumikaje na nani atalipwa, ndipo urudi nayo. Na kaswida za Maulidi msizikate mkaweka chini ya biti. Wenyewe hawatafurahi, na wana haki.

Mtoa mada, Malindi

Ahsanteni. Dada wa Shella, hoja yako ya ridhaa inaingia kwenye kanuni za chumba kama ulivyoiandika.

Prodyuza wa Langoni, nakubali kwamba mstari ulianza kwenye mashine. Lakini kuna kitu hukugusa, nacho ndicho kinachonifanya nibaki upande wangu: kuchelewa kwa sauti. Laptopu hukusanya sauti kwenye akiba kwanza ndipo iitoe. Laptopu dhaifu ikiwekwa akiba ya vipande vidogo vya sauti (sampuli) 1024, kwa kipimo cha kawaida cha sampuli 44,100 kwa sekunde, sauti inatoka kama milisekunde 23 baada ya kidole, tena kabla hujahesabu njia nyingine inazopitia. Mpiga ngoma anaisikia hiyo. Anaanza kugonga mapema ili alingane na spika, na mkono wake unaharibika. Kwa mtu anayetaka zile mbili-mbili-mbili za Mzee wa Mkomani zigombane sawasawa na tatu, milisekunde hizo ndizo ngoma yenyewe.

Prodyuza, Langoni, Lamu

Ishushe hiyo akiba mpaka 256, unabaki na kama milisekunde 6. Laptopu ya RAM ya GB 8 inaweza, ukiwa na kadi ya sauti ya nje, kisanduku cha kuingizia na kutolea sauti, pamoja na dreva yake, programu inayokiendesha. Sauti inapoanza kukatika, wimbo umejazwa plagini nyingi, zile programu ndogo za kupamba sauti: rekodi kwanza, pambo baadaye. Hii ni kazi ya kufundisha, haihitaji dola 500.

Ila nami naongeza tahadhari upande wangu mwenyewe. Tukisema "programu", wengi wana maana ya programu za wizi. Laptopu nyingi za studio zetu zimejaa virusi kwa sababu hiyo, na kazi ya miezi inapotea. FL Studio, iliyoanza Ubelgiji mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, ukiinunua mara moja unapata matoleo mapya bila kulipa tena. Toleo la majaribio linakuruhusu kuhifadhi kazi, lakini huwezi kuifungua tena mpaka ulipie, ndipo watu wanapokimbilia wizi. Kikundi kinachopokea michango ya watu hakiwezi kuanza hivyo. Leseni iwe mstari wa kwanza wa bajeti, kabla ya spika.

Mtoa mada, Malindi

Hapo tuko pamoja. Basi nitakalolipeleka kwa wanachama ni hili: maikrofoni na kadi ya sauti kwanza, kama Mzee alivyosema. Kisha laptopu moja yenye betri mpya na leseni iliyolipiwa, na vibao viwili vya pedi mezani ili watu wawili wapige pamoja. Sampla ya betri inunuliwe kwa mapato ya kwanza ya chumba, kwa kazi za nje ya mji, na isitoke bila ridhaa ya wenye ngoma.

Bado naamini sampla ingetangulia, na nitalisema hilo mkutanoni kabla ya kura. Anayebisha juu ya laptopu moja badala ya mbili aandike sasa, bei nazileta kesho.

Prodyuza, Langoni, Lamu

Mimi nabisha. Mbili. Kibao cha pili cha pedi kiondolewe, laptopu ya pili iingie. Moja ikiharibika mchana wa Alhamisi na harusi ni Ijumaa, mteja hataelewa maneno ya chumvi na feni.