Mrejesho: Glock 19 au 43X ya kubeba kiunoni, Mtwara

Habari wakuu. Niliuliza bastola ipi kati ya Glock 19 na 43X inafaa kubeba kila siku chini ya shati, kibali kikiwa kimeshatoka. Asanteni sana kwa ushauri. Nimechukua 43X kama wengi mlivyosema. Magazini yake inabeba risasi 10 dhidi ya 15 za Glock 19, ila unene ni milimita 28 badala ya 34, na kwa mashati mepesi ya joto letu tofauti inaonekana, hasa ukiinama.

Ala (mfuko wa bastola) ya plastiki ngumu inayofunika traiga (kifyatulio) yote imefaa. Mkanda laini umeshindwa kabisa: ala inalala nje na kitako kinachomoza. Mkanda mgumu umemaliza tatizo hilo.

Aliyesema nishike pindo la shati juu wakati wa kurudisha bastola kwenye ala alisema la maana kuliko yote. Hizi Glock hazina kitufe cha usalama cha pembeni. Nguo ikinasa kwenye traiga, risasi inaweza kutoka.

Kutu bado inasumbua. Sleidi (sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma ikifyatuliwa) ni safi, lakini skrubu za klipu ya ala zimeshika kutu kwa jasho na chumvi ya bahari. Kufuta kwa kitambaa chenye mafuta kila jioni kunapunguza tu, hivyo natafuta skrubu zisizoshika kutu.