Tupeane uzoefu: kumtoa mwenzako aliyepigwa risasi vitani

Mleta mada, Kirumba
Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, tunawataja makamanda wa Vita vya Kagera, na sisi wa Mwanza tunaongeza ile ndege ya Libya ya Machi 1979 iliyokosa matangi ya mafuta ikaua swala wa kisiwa cha Saanane. Basi. Wanaoijua kazi watueleze: askari anamfuataje mwenzake chini ya risasi?

Pasiansi
Kwanza nyamazisheni bunduki iliyompiga. Anayekurupuka kumfuata majeruhi huwa majeruhi wa pili. Seksheni, yaani kile kikundi kidogo cha askari mlio pamoja, inamwaga risasi kule zinakotoka, mmoja anatambaa. Aliyepigwa akiwa na fahamu, mpigieni kelele ajivute mwenyewe. Hawezi? Shika mikanda yake ya mabegani, mburute kichwa kikitangulia, wewe tumbo chini, hadi kwenye kificho cha karibu. Kumbeba mgongoni ni baadaye.

Sasa fikiria Lukaya, Uganda, Machi 10, 1979. Barabara inakatiza bwawa la mafunjo, pa kujificha hapana. Walibya, waliokuwa upande wa Amin, wakamwaga roketi za katyusha. Roketi zilipita juu ya vichwa, lakini Brigedi yetu ya 201, yenye mgambo wengi, ikatawanyika. Alfajiri ya siku iliyofuata ikarudi kupigana, safari hii pamoja na Brigedi ya 208. Kurudi pale ulipokimbia jana, kwangu huo ndio ushujaa wenyewe.

Gari moja la katyusha lina mitutu 40, linaimaliza kwa sekunde kama 20, kisha kujaza upya ni dakika kadhaa. Huo ndio mwanya wa kumvuta mtu, ila likiwepo gari la pili, mwanya hakuna.

Igoma
Mkishafika kwenye kificho, damu kwanza. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu anaisha kwa dakika chache. Chukua kitambaa cha upana wa sentimita 5, si kamba, kamba inakata nyama. Zungusha mara mbili juu ya jeraha, sentimita 5 hadi 8, kamwe si kwenye goti lenyewe wala kiwiko chenyewe. Funga, weka kijiti kigumu, funga tena, sokota mpaka damu ikome, kisha kifungie kijiti kisijifungue. Atapiga kelele, mwache apige. Wengi humwonea huruma wakakaza nusu, na hapo damu inaendelea kuingia mguuni lakini hairudi, jeraha linatoka damu zaidi. Andika saa uliyofunga kwenye paji lake la uso. Kulegeza ni kazi ya daktari.

Kinenani na kwapani hapafungiki. Shindilia kitambaa ndani ya jeraha, kandamiza dakika 10 bila kuchungulia.

Nyegezi
Machela: miti miwili ya mita 2 na mashati mawili ya gwanda. Geuza mikono iingie ndani, funga vifungo, pitisha miti mikononi. Ijaribuni kwanza kwa mtu asiyeumia, maana vifungo vibovu huachia njiani. Wabebaji wanne, miguu ya majeruhi ikitangulia. Mkipanda kilima, kichwa ndicho kitangulie. Na mfunikeni hata kama jua linawaka: aliyepoteza damu hupoa upesi, na akipoa damu haigandi vizuri.