Naombeni ushauri: ua mtupu wa hospitali, tuanze na nini?

Zamu_ya_Usiku:
Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni muuguzi. Kati ya wodi zetu mbili kuna ua wa saruji tupu, kwa miaka mingi tunarundika humo vitanda vibovu na mitungi ya oksijeni iliyokwisha. Uongozi umekubali pasafishwe pawe mahali pa wagonjwa na ndugu zao kupumzika, nami nimetiwa kwenye kamati. Mwenyekiti anataka chemchemi katikati na mchoro mkubwa ukutani wenye rangi kali. Mimi ninachokiona kila usiku ni ndugu wa wagonjwa waliogeukia ukuta wa korido wakilia, huku toroli la dawa likiwapita mgongoni. Fedha hazitoshi vyote. Ingekuwa ninyi mngeanza na nini? Na kuna ushahidi wowote nimpe mwenyekiti? Kwake bustani ni urembo tu.

Msomaji_Mkongwe:
Ushahidi upo, dada, tena wa siku nyingi. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science matokeo ya kuwalinganisha wagonjwa 46 waliopasuliwa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao dirisha lilitazama miti, nusu lilitazama ukuta wa matofali. Wale wa miti walitoka mapema kidogo (wastani wa siku 7.96 kwa 8.70) na hawakuhitaji sana dawa kali za maumivu. Mpe hiyo, ila usiitie chumvi. Ni watu 46 tu.

Nililazwa_Wiki_Sita:
Kamati zote hupanga zikiwa zimesimama, na mgonjwa amelala! Wiki sita nilikuwa natazama dari. Lilikuwepo doa la maji, asubuhi nikiliona kuku, jioni ramani. Taa nayo ilikuwa juu ya uso wangu kabisa, nikawa najifunika shuka mchana kweupe, wauguzi wakadhani nina homa.

Baadaye nikasoma habari za sanatoria (hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu) ya Paimio kule Ufini, ya mwaka 1933. Msanifu wake, Alvar Aalto, alipaka dari za vyumba rangi ya kijani tulivu, akaweka taa mahali ambapo haimchomi macho aliyelala, na masinki akayaunda ili maji yasipige kelele usiku na kumwamsha mgonjwa wa kitanda cha pili. Karibu nilie, maana kumbe kuna mtu alishawahi kuliwaza hili! Kabla ya ua, angalieni dari na madirisha. Wengine hawatafika huko uani kamwe.

Mikono_ya_Udongo:
Mimi ni mtunza bustani, nimewahi kuhudumia ya hospitali. Chemchemi achaneni nayo. Siku pampu ikifa mtabaki na dimbwi la mbu. Kokoto pia msimwage, ni nzuri kwenye picha tu. Nilimwona mzee akisukuma stendi yake ya dripu, gurudumu likazama, stendi ikaegemea, ikabidi aidake kwa mkono ule ule wenye sindano. Wekeni njia ngumu, tambarare, yenye upana wa mita 1.8 ili vitimwendo viwili vipishane. Benchi ziwe na egemeo na mikono, maana aliyeshonwa tumbo hainuki bila kushika kitu.

Mimea: oleanda na maua ya tarumbeta ni sumu, msipande. Maua ya harufu kali yanawachefua walio kwenye tibakemikali (dawa za saratani). Na vyungu visiingizwe wodi ya wenye kinga dhaifu, udongo unabeba kuvu.

Brashi_Kavu:
Mimi ni mchoraji na nitawasaliti wenzangu. Huyo huyo Ulrich na wenzake walijaribu picha kwa waliopasuliwa moyo huko Uppsala, Uswidi. Ya maji na miti ilipunguza wasiwasi, ya dhahania (isiyoonyesha kitu halisi) iliuzidisha kuliko hata kukosa picha kabisa. Mtu mwenye dawa kichwani akiona mistari mikali huiona inamjia. Ila msigeuze kila ukuta kuwa msitu, na watoto waulizeni wenyewe wanataka nini.

Mtoto_wa_Tatu:
Mimi nimeuguza tu, mama yangu. Kwetu kilikuwepo chumba cha utulivu, sofa safi, picha ya ziwa. Hakuna aliyekitumia, kwa sababu ndimo daktari alimokuitia kukupa habari mbaya. Ukiona mtu anaelekezwa kule, wodi nzima inanyamaza. Nilikuwa nalilia kwenye ngazi ya dharura. Kwa hiyo tafadhali, chumba cha kulia machozi na chumba cha kuambiwa habari visiwe kimoja. Televisheni isiwemo. Alama ya dini isigongomelewe ukutani, vya ibada viwe kabatini, anayehitaji atoe.

Zamu_ya_Usiku:
Nimerudi, asanteni. @Mtoto_wa_Tatu, pole sana. Umenishika pabaya, chetu ni hicho hicho na sikuwahi kukifikiria hivyo. Tumepata stoo ya shuka yenye dirisha la kutazama ua, tutaihamisha shuka ili pawe pa kulia machozi.

Leo nilimwomba mwenyekiti alale kwenye kitanda cha kona dakika tano. Alicheka, akavua viatu. Dakika ya pili akauliza, "Hii taa haizimwi?" Nikamwambia swichi ni moja kwa wodi nzima. Akanyamaza, akageukia dirishani, na dirishani ipo ile mitungi.

Chemchemi hajaitaja tena. Mchoro bado anautaka.

Brashi_Kavu:
Mpeni ukuta wa maegesho. Nitamchorea mwenyewe.