Jokofu la mtumba au boksi la barafu: nichachushie bia wapi wakati wa joto la Moshi?

Mwanamoshi aliuliza:

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninatengeneza bia ya kimea nyumbani, ya kunywa na jamaa wala si ya kuuza, katika ndoo ya lita 20. Mwezi wa Juni na Julai bia hutoka vizuri bila jitihada yoyote, lakini kuanzia Desemba hadi Machi chumba ninachotumia hufika nyuzi 29 au 30 mchana, na usiku hakishuki vya kutosha. Bia ya msimu huo hunuka ndizi zilizoiva kupita kiasi na huchoma koo kuliko ukali wake halisi, ilhali paketi ya hamira imeandikwa wazi kwamba inataka nyuzi 18 hadi 22.

Nimepata jokofu la mtumba la mlango mmoja ambalo bado linagandisha, na bei yake inavumilika. Jirani yangu, hata hivyo, anashikilia kwamba ni upotevu wa fedha, na kwamba boksi lenye kuta nene na chupa za barafu litatosha. Naomba ushauri wa walio na uzoefu: nichukue lipi, na kama ni jokofu, kidhibiti joto kinafungwaje bila kulitoboa? Wazee nyumbani nao hunicheka wakisema mbege, pombe yetu ya ndizi, haijawahi kuomba jokofu, nami sijapata jibu la kuwapa.

Fundi wa Sakina:

Ndugu Mwanamoshi, kama jokofu linagandisha, lichukue, ila kwanza pima kimo cha ndani ukiwa na ndoo yako pamoja na kile kibomba cha kutolea gesi juu ya kifuniko. Majokofu mengi ya mlango mmoja yana kisanduku cha barafu juu na kigongo cha kompresa chini nyuma, na nafasi inayobaki katikati huwa ndogo kuliko inavyoonekana dukani.

Themostati ya jokofu lenyewe haitakupa nyuzi 19, kwa sababu imepangwa kwa baridi ya kuhifadhi chakula. Igeuze hadi kwenye baridi kali kabisa uiache hapo, kisha umeme wa jokofu zima uupitishe kwenye kidhibiti cha nje, ambacho ndicho kitakachowasha na kuzima. Kidhibiti kinachotumiwa sana ni STC-1000, chenye rilei (swichi za ndani) mbili za ampea 10, moja ya kupoza na nyingine ya kupasha. Huja kitupu, bila soketi, kwa hiyo fundi umeme akufungie ndani ya boksi la plastiki lenye soketi mbili, na waya wa ethi usiachwe. Katika mipangilio yake, F1 ni joto unalolitaka. F2 ni tofauti inayoruhusiwa kabla hakijawasha, nami ningeiweka 0.5 au 1. F3 ni dakika ambazo kompresa husubiri kabla ya kuwaka tena, na hiyo iweke 5 au zaidi. Umeme unapokatika na kurudi papo hapo, kompresa inayolazimika kuanza kabla gesi haijatulia ndani ya mabomba hupata shida kubwa, na F3 hulizuia hilo, kwa sababu kidhibiti husubiri hata pale umeme unaporudi.

Kinachowaponza wengi ni mahali pa kuweka kihisi, yaani kile kipima joto cha kidhibiti kilicho mwishoni mwa waya. Wanakining'iniza hewani, kisha wanashangaa kioo kinasoma 19 na bia bado inanuka ndizi. Hamira inapofanya kazi hutoa joto lake yenyewe, na katika siku mbili za mwanzo katikati ya ndoo huweza kuwa nyuzi 3 hadi 5 juu ya hewa inayoizunguka. Kibandike kihisi kwa tepu ubavuni mwa ndoo, chini ya usawa wa bia, halafu ukifunike kwa kipande cha sponji la godoro chenye unene wa vidole viwili ili kisome ukuta wa ndoo na si hewa.

Usitoboe. Mabomba ya gesi hupita ndani ya kuta mahali ambapo huwezi kuyaona, na majokofu mapya mengi hutumia gesi ya R600a, ambayo hushika moto. Waya wa kihisi ni mwembamba. Upitishe kati ya raba ya mlango na bodi, upande wa bawaba, na mlango utafunga vizuri tu.

Mpenda Hesabu:

Mimi ninamtetea jirani kidogo, kwa sababu hesabu ya barafu haitishi kama watu wanavyodhani. Bia ya kawaida ya asilimia 5, lita 20, hutoa takribani kilojuli 900 za joto tangu sukari ianze kuchachuka hadi iishe, na chupa ya lita moja na nusu iliyoganda hufyonza karibu kilojuli 500 inapoyeyuka. Maana yake joto lote la hamira, kwa siku zote, halizidi chupa mbili.

Mzigo wenyewe unatoka nje. Boksi la sentimita 60 kwa 60 kwa 70, lililojengwa kwa yale mapande meupe mepesi yanayofungashiwa televisheni, yenye unene wa sentimita 5, hupitisha takribani wati 17 pale ambapo nje kuna nyuzi 10 zaidi ya ndani, yaani chupa tatu kila siku. Ukipunguza unene hadi sentimita mbili na nusu, ni chupa sita. Kwa hiyo fedha ya boksi iende kwenye unene wa kuta na kuziba viungo kwa tepu. Chupa nazo zisijazwe hadi shingoni, zitapasuka zikiganda.

Lakini swali ambalo jirani hajalijibu ni chupa zitagandishwa wapi. Mwenye friza tayari nyumbani, boksi linamfaa na hata umeme ukikatika mchana kutwa hana wasiwasi. Asiye na friza atajikuta ananunua barafu kila asubuhi, na hapo jokofu la mtumba linashinda.

Kimea wa Tengeru:

Yote yaliyosemwa ni sahihi, ila kuna njia ya tatu ambayo hamjaigusa. Iko hamira ya kienyeji ya Norwei, kveik, inayofanya kazi vizuri kati ya nyuzi 30 na 40 bila kuleta ule ukali wa kooni. Mtu wa Moshi mwenye hamira hiyo mwezi wa Februari anahitaji blanketi kuliko jokofu. Hasara yake ni kwamba aina nyingi zina harufu yake ya matunda, kama chungwa, na anayetaka bia tulivu hataridhika. Kwa bia ya lager, inayotaka nyuzi 8 hadi 13, jokofu halina mbadala, na boksi la barafu litakuchosha.

Kwa hamira uliyo nayo, baridi iwahi. Ladha nyingi mbaya huzaliwa katika siku tatu za mwanzo, kwa hiyo usitie hamira kabla maji ya kimea hayajashuka hadi nyuzi 18. Uchachukaji ukitulia, pandisha taratibu hadi 21 au 22, ili hamira imalizie kula ile harufu ya siagi iliyoizalisha mwenyewe.

Wazee waambie kwamba harufu ya ndizi katika mbege ni haki yake, kwa kuwa ni ya ndizi, na tena mbege hunywewa ingali inachachuka, kabla uchachu haujaizidi. Bia yako itakaa kwenye chupa kwa majuma kadhaa, na kila kasoro itakaa nayo humo.

Mwanamoshi:

Nashukuru sana, wakuu. Nalichukua jokofu. Shemeji yangu wa Njiro, Arusha, naye anataka kufanya vivyo hivyo, na kwao Julai usiku ni baridi hasa. Ile rilei ya pili ya kupasha afunge nini? Alitaka kuweka globu ya kawaida.

Fundi wa Sakina:

Globu ya zamani ya waya unaowaka, ya wati 25 au 40, inatosha kwa joto, lakini mwanga ukipiga bia yenye hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) huipa uvundo unaofahamika sana kwa bia za chupa za kijani zilizoachwa juani. Aifunike kwa kopo la bati la maziwa lililogeuzwa, lenye matundu machache upande wa chini, na lisiguse ndoo wala kuta za plastiki za jokofu. Kama anaweza kupata mkanda wa kupashia unaozungushwa kwenye ndoo, ni bora zaidi. Kwa vyovyote vile, F2 isiwe chini ya 0.5, la sivyo kupasha na kupoza vitapokezana usiku kucha na bili ya umeme ataiona.