MJADALA: Harley ya rejeta, ya mnyororo au ya umeme, bado ni Harley?

Nyuzi45 (mleta mada):
Wakuu, tuliweke hili mezani. Mashabiki wengi wa Harley-Davidson, pikipiki za Marekani, wanashikilia kwamba Harley ni injini moja: silinda mbili zilizopangwa kwa V ya nyuzi 45, valvu za kusukumwa kwa fimbo, mapezi ya kupozwa na upepo. Kilicho nje ya hapo, yaani V-Rod ya 2001 (ya rejeta), LiveWire ya 2019 (ya umeme) na Pan America ya 2021 (ya njia mbovu, yenye rejeta na mnyororo), kwao ni pikipiki nzuri iliyobandikwa nembo. Niko upande wao, na sababu yangu ni ya kiufundi.

Kwenye V ya nyuzi 45 konrodi zote mbili (fimbo za kuunganisha pistoni) zinakaa kwenye pini moja ya kranki, shafti inayozungushwa na pistoni. Moja ina umbo la uma, nyingine inaingia katikati yake. Silinda moja ikiwaka, ya pili inafuata baada ya nyuzi 315, halafu inakuja nafasi ya nyuzi 405 kabla ya mzunguko kuanza upya. Mlio ule wa kuchechemea unazaliwa kwenye kranki, na eksozi inaupaza tu. Sasa tazama Revolution Max, injini ya Pan America: V ya nyuzi 60, pini mbili zilizopishana kwa nyuzi 30, kwa hiyo inawaka kwa nyuzi 270 na 450. Huo ni mpangilio wa V ya nyuzi 90, yaani mpigo wa Ducati, pikipiki za Italia. Ukifumba macho hutaitambua.

Tapeti:
Mkuu Nyuzi45, kwenye kranki uko sahihi kabisa. Lakini ukisema maji ndiyo yanaondoa Uharley, historia inakukatalia. Mifano ya 2014 ya safari ndefu ilikuja na maji yanayozunguka valvu za moshi kwenye vichwa vya silinda, rejeta zikafichwa ndani ya vikinga miguu vya mbele. Injini ya Milwaukee-Eight ya 2017 imeendelea hivyo kwenye baadhi ya matoleo, na mengine yanapoza vichwa kwa oili. Watu wanaziendesha na hakuna anayeziita za bandia, kwa sababu rejeta haionekani.

Halafu tuseme ukweli kuhusu injini za zamani. Injini za Twin Cam za 1999 hadi 2006 zina vikaza mnyororo wa kemu (shafti zinazofungua valvu) vinavyosukumwa na springi. Springi inakandamiza wakati wote, kiatu cha plastiki kinalika, na vipande vyake vinaingia kwenye pampu ya oili. Presha ikishuka, uharibifu unaenea injini nzima. Kiatu cha nje unakiona ukiondoa eksozi na kifuniko cha kemu. Cha ndani kinataka uvute bamba la kemu, kwa hiyo fimbo za valvu lazima zitoke. Mafundi wengi wanazikata fimbo za asili kwa mkasi wa bolti na kuweka zinazorekebishika, ili wasishushe tangi wala kufungua vifuniko vya roka. Ukifika huko, weka kabisa vikaza vya haidroliki kama vilivyokuja kiwandani kuanzia 2007. Kurudisha springi ileile ni kununua kazi ya pili.

Na hapa ndipo ninapoipenda Revolution Max. Ina kemu mbili kwa kila kichwa, lakini nafasi ya valvu inajirekebisha kwa haidroliki. Mwenye nayo haseti tapeti maisha yote. Hiyo ndiyo desturi ya Harley ya miaka mingi. V-Rod haikuwa nayo: ilitumia vipande vya unene tofauti chini ya vikombe vya valvu, na kuvifikia ni kazi ndefu ya kufungua. Aliyeilalamikia V-Rod kwa hilo alikuwa na haki kuliko aliyelalamikia rejeta yake.

Sproketi:
Niongeze la mnyororo, maana nalo linarudiwa kila mara: "Harley ni mkanda." Mkanda wa meno uliingia na FXB Sturgis ya 1980. Kabla ya hapo Harley zilitembea kwa mnyororo kwa miongo mingi.

Kwa pikipiki ya njia mbovu kama Pan America, mnyororo ndio sahihi. Kokoto moja ikinaswa kati ya mkanda na sproketi inatoboa mkanda, na kuanzia hapo unangoja siku ya kukatika. Kubadili mkanda kwenye pikipiki kubwa ni kufungua boksi la praimari (linalopeleka nguvu ya injini kwenye klachi) na kutoa mkono wa gurudumu la nyuma. Mnyororo unaukata na kuuunga kando ya barabara kwa kifaa kidogo. Gharama yake ni usafi na mafuta, hilo sikatai. Anayebaki na mkanda apime ukazaji kwa geji inayosukuma kwa nguvu ya pauni 10, takribani kilo 4.5, katikati ya sehemu ya chini, azungushe gurudumu na kupima tena sehemu kadhaa, kwa sababu mkanda haulegei sawasawa. Wengi wanaukaza kupita kiasi, na beringi ndizo zinazoumia.

Nyuzi45:
Sproketi, la 1980 nimelikubali. Ila hamjagusa fremu. Softail, Harley ya kawaida, unashusha injini na fremu inabaki imesimama. Pan America haina fremu kuu: injini ndiyo uti wa mgongo, na fremu ya mbele, ya kati na ya nyuma zimefungwa juu yake. Kushusha injini maana yake ni kutenganisha pikipiki yote na kushikilia kila kipande peke yake. Kasha la injini likipasuka kwa ajali, umepoteza injini na fremu pamoja. Mtu anayetaka kukaa na pikipiki miaka 30 lazima alihesabu hilo.

Boksa:
Hoja ya Nyuzi45 ni nzito, na BMW waliipitia kwa njia yao. 1983 walileta K100, silinda nne zilizolazwa, za kupozwa kwa maji, zikikusudiwa kuchukua nafasi ya boksa, injini yao ya silinda mbili zilizolala kila upande, iliyoanza na R32 mwaka 1923. Wapenzi wa boksa hawakukubali, boksa zikaendelea kutengenezwa, na 1993 ikaja R1100RS yenye boksa mpya kabisa.

Maji yenyewe yaliingia kwenye boksa ya GS, pikipiki yao ya njia mbovu, ya 2013 na yakapokelewa. Umbo la boksa lilibaki, hiyo ni kweli, lakini kuna sababu ambayo mafundi wanaijua zaidi. Klachi ya zamani ilikuwa kavu, ya sahani moja, imekaa kati ya injini na gia. Sili ya kranki ikivuja, oili inalowesha sahani, klachi inateleza, na kuifikia unatoa gia na nyuma yote ya pikipiki. Ya 2013 ni klachi ya oili iliyo mbele ya injini, nyuma ya kifuniko. Shabiki anakubali kitu kigeni kikimwondolea usumbufu anaoufahamu kwa jina. Pan America imeondoa usumbufu gani wa mwenye Softail? Kwangu ni mmoja tu: ukichukua toleo lenye saspensheni inayoshuka unaposimama, mguu mfupi unafika chini.

Volti:
LiveWire mmeipita kimya. Watu wanaikataa kwa kukosa mlio, mimi nasema kosa lake liko kwenye chaja. Betri ni kWh 15.5, nguvu za farasi 105, na kwa chaja ya kasi ya mkondo mnyoofu inafika asilimia 80 kwa dakika 40. Ila ukiichomeka kwenye mkondo wa kawaida inaingiza takribani kW 1.4 tu. Gawanya mwenyewe: ni muda wa saa 11 za kuchaji, yaani usiku mzima. Mjini ilitangazwa kwenda kilomita 235, na kwenye mchanganyiko wa mji na barabara kuu 150 hivi. Kwa chapa iliyojengwa juu ya safari ndefu, hapo ndipo ilipokwama, pamoja na bei yake ya dola 29,799 ilipotoka. Na 2021 kampuni yenyewe iliifanya LiveWire chapa ya peke yake.

Tapeti:
Basi LiveWire itoke kwenye orodha, tumebaki na swali gumu zaidi: Sportster. Jina hilo ni la 1957. Injini ya Evolution ya Sportster ilidumu kuanzia 1986 hadi 2022: kemu nne, kila moja na shafti yake, zinaendeshwa kwa gia, kwa hiyo hakuna kiatu cha kulika. Lita moja hivi ya oili inahudumia praimari na gia kwa pamoja. Mtu mwenye seti moja ya spana anaihudumia karibu yote. Jina hilohilo 2021 likawekwa kwenye Sportster S, yenye Revolution Max ya nguvu za farasi 121.

Nyuzi45:
Hapo tumekutana, Tapeti. Pan America ilikuja na jina lake, haikumnyang'anya mtu kitu, na hesabu yako ya valvu siwezi kuipinga. Sportster S wangeipa jina jipya.

Sproketi:
Mimi hata jina nawaachia, mradi fundi wa nje apate kifaa cha kusoma hitilafu na kufuta taa bila kulazimika kuipeleka kwa wakala.