Prodyuza wa Hollywood ya zamani alikuwa anafanya kazi gani hasa?

Mdunda_Pwani
Wakuu habari za jioni. Nipo Bagamoyo nasoma sanaa pale TaSUBa, kuna kitu kinanisumbua sana. Sisi tukishuti muvi huku Kaole, prodyuza ni yule aliyetoa hela ya msosi na mafuta ya jenereta, akishatoa anakaa pembeni anauliza tu tunamaliza lini. Sasa nasoma habari za Hollywood ya miaka ya 1920 na 30 nakuta prodyuza Irving Thalberg anatajwa kuliko madairekta wake wengi, na alipokuwa hai hakutaka hata jina lake liandikwe kwenye muvi! Alikuwa anafanya nini kutwa nzima? Nauliza maana hiyo kazi ndo naitaka.

Ngamiani_BarabaraYa8
Mdogo wangu karibu. Thalberg alianza kama sekretari wa Carl Laemmle, mwenye Universal, na alipofika kwenye miaka 20 hivi akakabidhiwa studio nzima kule California. Mwaka 1922 akamfukuza dairekta mkubwa kabisa, Erich von Stroheim, muvi ikiwa katikati, kisa hela zinatumika hovyo na ratiba haifuatwi, akamleta mwingine amalizie. Pale kila mtu akajua nani mwenye kauli.

Ila kazi yake ninayoipenda mimi ni ya baada ya kushuti. Alipokuwa MGM, studio nyingine kubwa, muvi ikishaeditiwa alikuwa anaibeba kimyakimya mpaka ukumbi wa kawaida nje kidogo ya Los Angeles, watu wamekuja kuangalia kitu kingine wanawekewa hiyo, na yeye yumo ndani anasikiliza, wamecheka wapi, wamechoka wapi. Kesho yake wanakaa na waandishi skripti inarekebishwa, waigizaji wanaitwa tena, vipande vinashutiwa upya. Huyo sio mtoa hela, huyo ndo anaamua muvi iweje. Alifariki 1936 ana miaka 37 tu, moyo ulimsumbua tangu utotoni, inauma sana.

Binti_Chumbageni
Kaka uko sawa ila usimpe sifa zote yeye peke yake. Aliweza kuwaita waigizaji warudi kwa sababu walikuwa na mkataba na studio, mara nyingi wa miaka 7, wanalipwa kila wiki, mafundi wapo, nguo zipo, na kampuni mama ya MGM ilikuwa na kumbi zake za sinema kwahiyo muvi haikosi pa kuonyeshwa. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ikawabana, studio kubwa zikaanza kutenganishwa na kumbi, na ule utawala ukaanza kuporomoka. Sisi huku Tanga muigizaji ukimwita arudie sini kashapata kibarua kingine na nywele kashanyoa.

Mdunda_Pwani
Dada umenigusa hapo kwenye nywele 🙏 Sasa asiye na studio kubwa nyuma yake alikuwa anafanyaje?

Ngamiani_BarabaraYa8
Msome David O. Selznick. Baba yake alikuwa prodyuza akafilisika 1923, mtoto akapita studio za Paramount, RKO, MGM, halafu 1935 akatoka kuanzisha kampuni yake. Kwenye muvi yake ya Gone with the Wind alimtaka muigizaji Clark Gable, Gable ana mkataba MGM, ikabidi awape MGM haki ya kusambaza na nusu ya faida ndo wamwachie. Desemba 1938 Selznick na watu wake wakachoma seti za zamani kwenye uwanja wa studio yao zionekane kama mji wa Atlanta unaungua, kamera zinazunguka na muigizaji mkuu wa kike hajathibitishwa bado! Dairekta wa kwanza, George Cukor, akamtoa, akaja Victor Fleming. Na memo alizoandika bwana, kila kitu anakitolea maelezo, skripti, nguo mpaka nywele.

Binti_Chumbageni
Mdunda hiyo ya kuonyesha watu kabla haijatoka unaiweza hata wewe bila studio. Omba banda la video la mtaani, weka muvi yako siku ya kawaida, usiwaambie ni yako, kaa nyuma uangalie wanaotoka nje wanatoka kwenye sini gani. Ila waigizaji waambie mapema wasinyoe mpaka umalize hilo zoezi, na hela ya siku mbili za kurudia itenge kabla hujaanza kushuti.