Kikosi kilichomo katika jahazi lililopwelewa: je, kanuni inakilinda?

Mwana wa Langoni (Lamu)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kikundi chetu hapa Lamu hucheza vita vya mezani kwa vijisanamu vya askari, na sasa tunashughulikia Vita vya Shela, ambavyo watu wa Lamu waliwashinda watu wa Pate na ukoo wa Mazrui uliotawala Mombasa mwanzoni mwa karne ya 19. Kanuni tumezitunga wenyewe, nyingine tukiziazima katika michezo iliyochapishwa, na mbili kati yake zimetuletea mzozo. Ya kwanza inasema: "Kikosi kilichomo chomboni hakishambuliwi kwa silaha za mkono." Ya pili inasema kwamba mwisho wa duru ya sita maji hupwa, na chombo kilicho chini ya inchi nne kutoka ufuoni hakiwezi kuondoka tena.

Katika mchezo wetu wa mwisho, mchezaji wa Mombasa aliwarudisha askari wake wote majahazini, majahazi yakapwelewa, naye akashikilia kwamba hawaguswi kwa panga wala mkuki mpaka mchezo uishe, ilhali wao wanaendelea kupiga magobori. Mchezaji wa Lamu alisema hilo haliingii akilini, kwa kuwa chombo kilicholalia ubavu mchangani hufikiwa na yeyote kwa miguu. Je, tufuate maandishi yalivyo, au nia yetu sisi tulioyaandika?

Fundi wa Vijisanamu (Malindi)

Wa alaykum salaam. Kwa maandishi uliyoyanukuu, mchezaji wa Mombasa ana haki. Kanuni ya pili inazuia chombo kuondoka tu. Haisemi lolote kuhusu kushambuliwa, na wala haisemi kwamba chombo kilichopwelewa si chombo tena. Mchezaji huyo alisoma kanuni, akapanga mbinu yake juu yake, na huenda aliacha mbinu nyingine kwa sababu hiyo. Mkimbadilishia kanuni katikati ya mchezo mnamwadhibu kwa kusoma vizuri. Malizeni kwa maandishi hayo, kisha mrekebishe.

Refa wa Mkomani (Lamu)

Kaka wa Malindi, hoja yako kuhusu haki ya aliyepanga naiheshimu, lakini siafikiani nawe kuhusu kanuni yenyewe. Kila kanuni ya mchezo wa vita inawakilisha jambo la kweli, na kabla ya kuipima kwa maneno yake inafaa tuulize inawakilisha nini. Askari wa chomboni hashambuliwi kwa panga kwa sababu kati yake na adui pana maji. Maji yakipwa, sababu imeondoka. Tena masimulizi ya mji wetu yanaeleza kwamba wavamizi walipokimbilia vyombo vyao walivikuta vimekaa juu ya mchanga, na hapo ndipo walipouawa kwa wingi; mchezo unaoyageuza majahazi hayo kuwa ngome si mchezo wa Vita vya Shela.

Mvutano huu ni wa zamani. Reisswitz mdogo, ofisa wa Prussia (dola ya zamani ya Wajerumani), alipochapisha kanuni za mchezo wa vita wa jeshi lao mwaka 1824, aliweka mwamuzi, pamoja na dadu na majedwali ya hasara. Baadaye maofisa walichoshwa na wingi wa kanuni, na mwaka 1876 Verdy du Vernois, ofisa mwingine wa Prussia, akapendekeza kwamba mwamuzi mwenye uzoefu wa vita aamue kwa ujuzi wake badala ya kufuata majedwali. Kwetu ujuzi huo upo: hakuna mtoto wa pwani asiyejua chombo kilichopwelewa kinavyokuwa. Sharti langu ni moja, nalo nalishikilia kwa nguvu: anayeamua asiwe mmoja wa wanaocheza.

Binti Shela

Ami yangu Refa, wengi wetu hucheza wawili tu bila mwamuzi. Warhammer 40,000, mchezo uliochapishwa wa vita vya vijisanamu, ina utaratibu unaofaa hapa: mambo mawili yakitokea pamoja mwishoni mwa duru, wachezaji hutupa dadu, na mshindi huchagua lipi litangulie. Wakati mchezo unaendelea, dadu moja inatosha kumaliza ubishi, mradi wote wakubali kwamba uamuzi huo ni wa siku hiyo tu na hauwi kanuni.

Mwana wa Langoni (Lamu)

Shukrani nyingi kwenu. Matokeo ya mchezo ule tumeyaacha kama yalivyo, kwa hoja ya ndugu wa Malindi, na kanuni tumeiandika upya hivi: "Kikosi kilichomo katika chombo kinachoelea hakishambuliwi kwa silaha za mkono. Chombo kikipwelewa, kikosi chake hushambuliwa kama kikosi kilicho nyuma ya ukuta mfupi." Ukuta tumeuweka kwa sababu ubao wa jahazi bado humkinga mtu kiasi. Limebaki swali la askari wanaoruka chomboni katika duru ileile maji yanapopwa: je, wahesabiwe wamo majini, au wamo mchangani?